Vichwa vya safuwima havikai juu ya namba zake: jedwali la kaunti 7 kwenye slaidi

mchoraji_kondele (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Nina slaidi yenye jedwali la takwimu za sensa ya 2019 kwa kaunti 7: Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega, Bungoma, Busia na Nakuru. Safuwima nazo ni 7: Kaunti, Wanaume, Wanawake, Huntha, Jumla, Asilimia ya wanawake, na Wastani wa watu katika kila kaya. Natumia PowerPoint ya Windows, slaidi pana ya 16:9, fonti Calibri saizi ya 20. Namba zilitoka Excel kwa kunakili na kubandika.

Shida ziko hivi. Safuwima ya Wanaume imepangwa kulia, lakini namba za kaunti tatu zimesimama nyuma kidogo ya ukingo na nyingine nne zimefika ukingoni. Vichwa viko katikati na namba ziko kulia, kwa hivyo "Huntha" kinaelea peke yake na 23 ya Kisumu iko pembeni kabisa. Kichwa cha mwisho kimejikunja mara tatu, vile vifupi vimebaki juu kama havihusiani na kitu. Kakamega inaonyesha 52 huku wenzake wana 51.9 na 52.5. Halafu jedwali lenyewe halianzii pale kichwa cha slaidi kinapoanzia.

Jedwali litaonyeshwa ukumbini kwa projekta, mchana, na walioketi nyuma wanapaswa kusoma. Nianzie wapi?

fundi_wa_majedwali (Nakuru)

Anza na namba zinazosimama nyuma ya ukingo. Ukiliruka hilo utapima upana wa safuwima kutwa nzima na hazitanyooka.

Mle ndani mna nafasi zisizoonekana baada ya tarakimu. Bofya ndani ya seli mojawapo kati ya zile tatu, kisha bonyeza End. Kielekezi kikisimama mbali na tarakimu ya mwisho, umepata mchawi. Mara nyingi chanzo ni muundo wa Accounting kule Excel. Muundo huo huacha upande wa kulia nafasi yenye upana wa bano la kufunga, ili namba chanya zikae sawa na hasi zilizoandikwa ndani ya mabano. Excel yenyewe huichora tu hiyo nafasi, lakini ukinakili, huja PowerPoint kama herufi kamili. PowerPoint ikipanga kulia huisukuma herufi ya mwisho ukingoni, na herufi ya mwisho hapo ni nafasi. Seli tatu zina muundo mmoja, nne zina mwingine, ndiyo maana unaona pengo.

Dawa iko Excel. Chagua namba zote, bonyeza Ctrl+1, chagua Number, desimali 0, weka alama kwenye kitenganishi cha maelfu, kisha nakili upya. Ukibandika, chagua ile njia ya Use Destination Styles ili jedwali lifuate mtindo wa slaidi zako. Usibandike kama picha. Tarakimu moja ikikosewa hutaweza kuigusa.

Kama namba zilitolewa kwenye PDF kabla ya kufika Excel, kunaweza kuwa na nafasi ya aina nyingine, ile isiyovunjika, ambayo TRIM, fomula ya Excel ya kufuta nafasi za ziada, haiiondoi. Tumia =VALUE(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160),"")) kwenye safuwima ya pembeni, halafu nakili matokeo. Na tafadhali usijaribu kufuta nafasi kwa Replace ya PowerPoint. Amri hiyo hupita faili zima, na maneno ya slaidi zote yataungana.

Sasa vichwa. Kichwa cha safuwima hufuata kilicho chini yake. Chini kukiwa na maneno, kichwa na maneno vyote vinaanzia kushoto. Chini kukiwa na namba, kichwa na namba vyote vinaishia kulia. Sababu ni ile ile tuliyofundishwa shuleni: mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, mamia chini ya mamia. Wanaume wa Nakuru ni 1,077,272 na wa Vihiga ni 283,678. Ukizipanga kulia, koma inakaa chini ya koma, na mtu aliyeketi nyuma anaona kabla hajasoma kwamba moja imefika mamilioni na nyingine imeishia malaki. Ukizipanga katikati, koma zinapishana na macho yanalazimika kusoma kila namba peke yake.

Kwa mkono ni hivi: bofya mpaka wa nje wa jedwali ili jedwali lote lichaguliwe, bonyeza Ctrl+R. Kisha chagua safuwima ya Kaunti peke yake, bonyeza Ctrl+L. Hapo "Huntha" kitakaa juu ya 23, 12 na 95 bila kuhangaika.

Kwa urefu, chagua mstari wa vichwa, nenda kichupo cha Layout cha jedwali, chagua Align Bottom. Vichwa vyote vitashuka na kusimama juu ya data, vyenye mstari mmoja na vyenye miwili. Mistari ya data iweke Center Vertically.

Kichwa kirefu kikate mwenyewe, usiiachie PowerPoint ikate inapotaka. "Wastani wa watu katika kila kaya" ni sentensi. Andika "Wastani", Shift+Enter, "wa kaya", na maelezo kamili yaende chini ya jedwali kwa saizi ya 14. Shift+Enter ni bora kuliko Enter kwa sababu haifungui aya mpya, hivyo nafasi za aya haziingii katikati ya kichwa.

Upana: acha Distribute Columns kwa jedwali hili. Amri hiyo hugawa sawa, na safuwima zako hazibebi mzigo sawa. Jedwali linaloingizwa kwenye slaidi ya kawaida ya 16:9 lina upana wa sentimita 29.21, ukigawa kwa 7 kila moja inapata 4.17. Huntha, yenye tarakimu mbili, haihitaji zote hizo, na Kaunti inabanwa. Kwa Calibri ya 20, "1,077,272" inachukua karibu sentimita 2.9, ongeza pambizo la seli, 0.25 kila upande, unapata 3.4. Lakini "Wanawake" kwa herufi nene ni kipana kuliko tarakimu hizo, kinataka karibu 3.8. Kwa hivyo pima kwa kichwa, si kwa namba. Mimi ningegawa hivi: Kaunti 5.2, Wanaume 4.3, Wanawake 4.3, Huntha 3.3, Jumla 4.3, Asilimia 4.0, Wastani 3.81. Inatimia 29.21. Wanaume, Wanawake na Jumla zimepewa upana mmoja makusudi, maana ni namba za aina moja na msomaji anazilinganisha.

Andika vipimo kwenye kisanduku cha Width ndani ya Layout. Ukiburuta mpaka kwa kipanya hutapata 4.3 mara tatu.

daktari_wa_slaidi (Kakamega)

Nakubaliana na mengi ya fundi, ila safuwima ya Wastani nina neno. Kichwa "Wastani" juu ya "wa kaya" kina upana wa karibu sentimita 2.4, na "4.3" ni 0.9 tu. Vyote vikiishia kulia, upande wa kushoto wa safuwima unabaki mtupu na namba zimejibana ukingoni mwa jedwali. Kwenye skrini kubwa hilo linaonekana vibaya.

Kuna njia ya kati. Acha kichwa kiishie kulia na pambizo lake la kawaida la 0.25. Chagua seli za namba peke yake, bofya Cell Margins, kisha Custom Margins, na upande wa kulia weka 1.0. Hesabu yake: 2.4 toa 0.9, gawa kwa mbili, unapata 0.75, jumlisha 0.25 iliyokuwepo. Namba zitakaa chini ya katikati ya kichwa, na bado zinaegemea kulia, kwa hivyo nukta inabaki chini ya nukta.

Wengine hupanga katikati wakaona matokeo ni yale yale. Ni kweli kwa leo, kwa kuwa 3.8 ya Kisumu, 4.3 ya Kakamega na 3.5 ya Nakuru zina tarakimu sawa. Ikiingia 10.2 siku moja, safuwima inapinda.

fundi_wa_majedwali (Nakuru)

Hilo la pambizo ni zuri, nalikubali kwa safuwima ya Wastani. Kwa Huntha ningeliacha, kichwa ni kifupi na pengo ni dogo. Na lisitumike kwa Wanaume, Wanawake na Jumla hata kidogo. Huko ukingo wa kulia ndio unaobeba usomaji wote.

Katikati kuna kazi moja tu kwenye jedwali la namba: kichwa kikubwa kinachofunika safuwima kadhaa. Ukitaka "Idadi kwa jinsia" juu ya Wanaume, Wanawake na Huntha, unganisha seli hizo tatu za mstari wa juu, panga katikati, na uweke mstari mwembamba chini yake unaoishia pale safuwima ya tatu inapoishia. Ila fikiria kwanza kama unakihitaji. Seli zilizounganishwa huwachanganya watu wanaotumia programu ya kusoma skrini kwa sauti, na kwa jedwali lako vichwa vya chini vinajieleza.

mchoraji_kondele (Kisumu)

Namba zimenyooka, nafasi zilikuwepo kweli kwenye zile seli tatu. Bado 52 ya Kakamega. Excel nimeweka ROUND kwa desimali moja, inatoa 52. Nimeona pia mahali wanapendekeza alama ya tabo ya desimali, je, niitumie hapa? Pia nataka nyota kwenye namba za huntha ili nieleze chini.

karani_wa_takwimu (Bungoma)

ROUND imefanya kazi yake. Wanawake wa Kakamega ni 970,406 kati ya 1,867,579, yaani asilimia 51.96, na kwa desimali moja hiyo ni 52.0. Excel ikiwa kwenye muundo wa General huficha sufuri ya mwisho. Ctrl+1, Number, desimali 1, nakili upya. Sufuri hiyo si pambo. Inamwambia msomaji kwamba Kakamega imepimwa kwa usahihi ule ule wa Siaya yenye 52.5 na Vihiga yenye 51.9. Ukiandika 52 tupu, mtu ana haki ya kudhani umekadiria. Na kwa mpangilio wa kulia, 2 ya mamoja inaangukia chini ya desimali za wenzake, ndiyo maana inaonekana kama kosa.

Alama ya asilimia ikishakuwa kwenye kichwa, isirudi kwenye seli. Ukiiweka kwenye baadhi ya seli na kuisahau kwenye nyingine, tarakimu zinasukumwa kushoto kwa upana wa alama nzima.

Nyota ndivyo hivyo hivyo. "23*" iliyopangwa kulia inasogeza 3 kutoka mahali pake. Iweke kwenye kichwa, "Huntha*", maana maelezo yanahusu safuwima yote. Maelezo yakihusu kaunti moja tu, nyota ikae kwenye jina la kaunti, upande wa kushoto ambako haimsumbui mtu.

Pale data inapokosekana, weka kistari kimoja kilichopangwa kulia kama namba. Seli tupu inaacha watu wakijiuliza kama ni sufuri au umesahau.

Tabo ya desimali ni ya safuwima ambayo desimali zinatofautiana kwa haki, kwa mfano 0.125 karibu na 14.5, ambapo kuongeza sufuri kungedanganya kuhusu usahihi wa kipimo. Ikibidi: panga seli kushoto, chagua seli za namba, fungua dirisha la Paragraph, bofya Tabs, andika umbali kutoka kushoto, chagua Decimal, kisha Set. Halafu ndani ya kila seli weka kielekezi mbele ya namba na ubonyeze Ctrl+Tab. Tab peke yake inakupeleka seli inayofuata. Watu waliozoea Word hukwama hapo, kwa sababu Word hupanga desimali ndani ya seli bila kubonyeza kitu, na PowerPoint haifanyi hivyo. Kwa jedwali lako ambalo kila safuwima ina desimali sawa, kupanga kulia kunatosha.

daktari_wa_slaidi (Kakamega)

Kuhusu jedwali kutoanzia pale kichwa cha slaidi kinapoanzia: bofya kichwa, fungua Format Shape, sehemu ya Size & Properties, tazama Position. Kwa slaidi ya kawaida mlalo wake ni sentimita 2.33. Bofya jedwali, andika 2.33 vile vile. Kisanduku cha kichwa kina pambizo la ndani la 0.25, na seli ina 0.25, kwa hivyo herufi ya kwanza ya kichwa na K ya "Kaunti" zitasimama kwenye mstari mmoja.

Hapo lazima uchague. Mstari wa vichwa ukiwa na rangi nzito, rangi yenyewe itaanza 0.25 kabla ya herufi za kichwa cha slaidi, na kwenye projekta macho huona ukingo wa rangi kabla ya herufi. Mimi ningeondoa rangi hiyo, nibaki na mstari mweusi wa pointi 1.5 chini ya vichwa. Umesema ni mchana: mistari ya kijivu ya pointi 0.5 na kivuli hafifu cha mistari kwa zamu hupotea kabisa ukumbi ukiwa na madirisha makubwa. Ukiondoa rangi, acha Header Row ikiwa na alama kwenye Table Design, kwa kuwa ndiyo inayoiambia programu ya kusoma skrini kwamba mstari ule ni vichwa. Vaa sura unayotaka, ila alama ibaki.

Na ukiwa na slaidi ya pili yenye jedwali kama hili, usiingize jipya. Irudie ya kwanza kwa Ctrl+D, kisha ubadilishe namba. Ukiingiza jipya, hata tofauti ya milimita mbili itaonekana kama jedwali limeruka unapobofya kwenda mbele.

mchoraji_kondele (Kisumu)

Mistari ya data haikubali kupungua chini ya kiwango fulani ninapopunguza herufi za slaidi ya pili. Nimeandika 0.9 kwenye Height, inarudi 1.03.

fundi_wa_majedwali (Nakuru)

Kuna seli tupu kwenye mistari hiyo, bila shaka. Seli tupu bado ina saizi ya herufi, na ya kawaida ni 18. Mstari hauwezi kuwa mfupi kuliko herufi hiyo pamoja na pambizo la juu na chini, 0.13 kila upande, na hiyo ndiyo 1.03 unayoiona. Chagua jedwali lote kwa kubofya mpaka, kisha uweke saizi, ili seli tupu nazo zibadilike. Ukichagua maneno tu, zile tupu zinabaki na 18.

Lakini usishuke sana. Kwa ukumbi ningebaki na 20, na ikibidi 18. Jedwali lisipotosha kwa 18, gawa slaidi mbili: idadi upande mmoja, asilimia na kaya upande mwingine, Kaunti ikirudiwa kwenye zote.

karani_wa_takwimu (Bungoma)

Kabla hujafunga faili, angalia fonti. Calibri na Arial zina tarakimu za upana mmoja zinazosimama zote kwenye mstari, ndiyo maana kupanga kulia kunafanya kazi. Kiolezo cha ofisi kikikulazimisha Georgia, Constantia, Candara au Corbel, tarakimu 3, 4, 5, 7 na 9 zitashuka chini ya mstari, na 6 na 8 zitapanda juu ya 0, 1 na 2. Kwa aya ya maandishi zinapendeza. Kwa safuwima ya malaki na mamilioni zinafanya mstari uonekane umepinda hata ukiwa umenyooka. Tumia fonti ya kiolezo kwenye kichwa cha slaidi na Calibri kwenye jedwali.

Halafu kuna laptopu ya ukumbini. Isipokuwa na fonti yako, itaweka nyingine, na nyingi ni pana kuliko Calibri. Hesabu ilivyo sasa: jedwali linaanza sentimita 5.07 kutoka juu, mstari wa vichwa wenye mistari miwili ni 2.0, kaunti 7 kwa 1.4 ni 9.8, linaishia 16.87. Nambari ya slaidi na maandishi ya chini huanzia 17.66. "Asilimia ya wanawake" ikijikunja mara ya tatu, mstari wa vichwa unaongezeka zaidi ya sentimita 0.8, na Nakuru iliyo mwisho inakanyaga nambari ya slaidi. Wala maelezo yako ya chini hayatakuwa na pa kukaa.

Kwa hivyo mistari ya kaunti ipunguze kutoka 1.4 hadi 1.2, kwa Calibri ya 20 bado inaenea. Unaokoa 1.4 nzima, inayotosha maelezo ya saizi ya 14 kwa mstari mmoja na kubaki na akiba kidogo. Pia nenda File, Options, Save, weka alama kwenye kipengele cha kuhifadhi fonti ndani ya faili, na kwenye flashi beba nakala ya PDF. Laptopu ya ukumbini ikileta fonti ngeni, onyesha PDF.